Tulivyompima Mwandishi wa Mpira

Mwandishi wa mpira wa Masasi alikuwa mpima mizani katika ghala la kununulia korosho, na kwa kazi zote mbili watu walimshuku. Mkulima akiona gunia lake limepungua, huitazama mizani kabla hajayatazama matobo ya gunia. Timu ikifungwa ni hivyo hivyo: analaumiwa refa kwanza, kisha uwanja, kisha yule aliyeandika.

Gazeti lenyewe lilikuwa dogo, karatasi chache za jimbo letu la kusini, lilipigwa chapa pwani na kutufikia kwa lori mara moja kwa mwezi. Zilikuwa siku za mwisho za Mwingereza, ingawa yeye mwenyewe hakuonekana kuzihesabu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa michezo, na kona yake ya chini ilikuwa ya mpima mizani wetu. Humo aliandika mechi za Masasi na Newala, maana hizo ndizo zilizojaza uwanja.

Mimi nilikuwa nauza chumvi na ng'onda, samaki wakavu wa pwani, pale Mkomaindo, Masasi, na kila wiki nilipanda Newala, mlimani kusiko na maji, kwa lori kuukuu lililosalia kutoka mradi wa karanga wa Mwingereza. Sikuwa mtu wa Masasi wala wa Newala. Nilitoka pwani kufuata korosho, nikakuta waliotangulia wameshazinunua, nikageukia chumvi, ambayo haina msimu. Kusoma nilijua, tena kwa sauti, kwa hiyo gazeti likifika watu wa sokoni Newala walinitaka nisome kabla hawajanunua kitu. Nilisoma bure. Lakini anayesimama kusikiliza husimama karibu na chumvi.

Nikumbuke moja ya zile ripoti zake. Aliandika hivi, au karibu na hivi: "Newala walishuka mlima wakiwa na wachezaji kumi na mmoja na vumbi la watu thelathini. Mabeki wetu walikataa kuwakaribia, si kwa kuogopa mbio zao, bali kwa kuwa mtu anayeteka maji bondeni hawezi kuyapoteza kwa kuoga. Hata hivyo goli lao la pili, alilolikataa refa, lilikuwa halali. Nilikuwa nyuma ya nguzo, na mpira ulipita ndani."

"Rudia hapo pa kuoga," walisema.

Nikarudia. Soko zima likacheka, wanawake waliokuwa na ndoo zao wakacheka kuliko wote, kwa sababu ndio waliozipandisha kutoka bondeni. Kapteni wa Newala, fundi cherehani mwenye miguu mirefu, akaacha kukanyaga mashine yake.

"Mwambie yule," akaniambia, "sisi maji yetu tunakunywa. Wao kule chini wanayo mengi kwa sababu hawana cha kuchemsha ndani yake ila mawe."

Nikashuka na jibu hilo Masasi, nikampa mpima mizani, naye akacheka hadi akakosea uzito wa gunia, akaupima upya. Kwa miaka kadhaa nilikuwa napandisha matusi na chumvi, nashusha matusi na muhogo mkavu. Hakuna aliyenilipa kwa matusi, nami sikudai. Yalikuwa hayana uzito.

Nieleze kwa wasiotoka huku. Ukoo wa mpima mizani na koo za kule juu walikuwa watani. Wazee walisema jambo hilo lilianza wakati wa vita, babu zao walipojificha pamoja mapangoni wakagombania mahali pa kulala. Sikuwepo, siliwekei dhamana. Ninachojua nilikiona: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako bila kuuliza, na siku ya msiba wako akaingia kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Usipocheka, wewe ndiye mwenye kosa.

Sasa akaja Newala karani mpya, kijana kutoka kaskazini, safi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma gazeti peke yake ofisini, akaona watu aliowahudumia wanaitwa wachafu kila mwezi kwa chapa, akaumia kwa niaba yao. Akaandika barua pwani. Alisema mwandishi mwenye chuki ya wazi namna ile hawezi kuaminiwa hata kwa idadi ya magoli. Ofisi ya gazeti ikairudisha barua kwa kamati yetu ya michezo: mpimeni, mkimkuta ana upande, kona yake atapewa mwingine.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu, mtu wa familia ya kanisa tangu babu yake, anayenyoosha kila kitu kwa rula, hata maneno. Alinifuata gengeni kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si wa Masasi."

"Si wa Masasi."

"Wala wa Newala."

"Wala Newala. Kama ni kodi, mwalimu, nimeshalipa."

"Si kodi. Nataka mtu asiye na upande, anayejua kuhesabu. Nimesikia unahesabu mara mbili."

Nikamwambia ni kweli, mara ya kwanza huwa nahesabu mali na mara ya pili namhesabu anayeniuzia. Hakucheka. Akanikabidhi furushi la magazeti ya nyuma.

Lazima niseme kilichokuwa mizanini. Yule mpima mizani alikuwa na mke, mama yake mzee, na nyumba Chiwata alikokwenda kwa baiskeli kila Jumamosi. Kazi ya ghala ilimlisha. Lakini ukutani, sebuleni kwake, alikuwa amebandika kila kona aliyowahi kuandika, kwa uji wa muhogo, tangu ya kwanza. Mama yake hakujua kusoma, ila alijua jina la mwanawe linakaa wapi kwenye karatasi, na mgeni akifika alimwonyesha kwa kidole. Kumwondolea mtu huyo kona ile kulikuwa kumbandua ukutani.

Nilifanya kazi yangu vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikuifanya ovyo. Nilianza na magoli, kwa kuwa goli ni kitu kinachohesabika. Nilimuuliza golikipa wa Masasi, nikamuuliza fundi cherehani wa Newala, nikamuuliza refa, ambaye alijibu kama mtu anayeshitakiwa. Kila goli lilikuwa kama alivyoliandika, na mfungaji wake. Mara moja alikosea mfungaji, na mwezi uliofuata akajisahihisha mwenyewe bila kuulizwa. Pale Newala walipodhulumiwa, aliandika kwamba wamedhulumiwa, nayo timu ya nyumbani kwake ndiyo iliyofaidika. Kama ningekuwa namnunua, nisingeshusha bei.

Kisha nikaja kwenye maneno.

Nilikwenda darasani kwa mwalimu, watoto wakiwa wameshaondoka, nikiwa na kikapu cha korosho. Nikafungua magazeti moja moja. Kila neno la kuwacheka Newala, nikaweka korosho mkono wa kulia wa meza. Kila neno la kuwacheka Masasi, mkono wa kushoto. Tulipomaliza, za kulia zilikuwa zinaporomoka sakafuni. Kushoto palikuwa na korosho moja, na hiyo nayo sikuwa na hakika nayo.

Mwalimu alitazama.

"Hesabu tena," akasema.

Nikahesabu tena. Ikawa vile vile.

"Inajieleza yenyewe," akasema. Kisha akaniuliza, naye aliuliza kwa haki, nasikia sauti yake: "Kuna jambo la kuongeza?"

Nikasema hapana.

Na jambo lilikuwepo. Nilijua kule juu wanacheka. Nilikuwa ninacheka nao mimi mwenyewe, kila mwezi, nimeshika lile lile gazeti. Nilijua anayewatukana Newala ndiye mtu pekee wa Masasi wanayemuulizia hali. Lakini kicheko sikukiwekea korosho. Mwalimu alikuwa akizitazama zile chungu mbili kama mtu anayetazama hesabu ngumu iliyokubali, na mimi, muuza ng'onda, sikuwahi kutazamwa na msomi kwa namna ile. Wasomi wakinitazama nikihesabu, huwa wanatafuta ninapowaibia. Nikaona nisiharibu.

Nimtendee haki mwalimu. Utani aliujua, kazaliwa humu. Nilipokuwa nazirudisha korosho kikapuni alisema, "Utani una watu wake. Msibani sawa, sokoni sawa. Gazeti linakwenda Lindi, linakwenda Songea. Huko nani anajua huyu ni mtani wa nani? Wanaona mtu anatukana watu." Neno hilo mpaka leo silipatii jibu la kuliangusha.

Alitaka kumwondoa. Hapo nikafanya nilichojua, nikaanza kupatana.

"Mwalimu, mizani ikishika kutu haitupwi. Inafutwa."

"Unasemaje?"

"Abaki. Aandike magoli, wafungaji, basi."

"Na matusi?"

"Ayaache yote."

"Akirudia hata moja?"

"Moja si nyingi, mwalimu."

"Hata moja."

"Haya. Akirudia hata moja, aondoke."

"Utamwambia wewe."

"Nitamwambia mimi."

Nikatoka nimejaa sifa zangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda kuuziwa kufukuzwa, nimerudi nimenunua onyo. Njia nzima hadi ghalani nilikuwa nikijipongeza.

Alikuwa anapima gunia la mwisho la siku. Nikamweleza kila kitu, pamoja na korosho, sikuficha. Akalishusha gunia.

"Kwa hiyo nimekutwa na upande."

"Kwa maneno tu. Kwa magoli uko sawasawa."

"Upande upi?"

"Wa Masasi."

Akanitazama kama alivyotazama magunia yaliyotiwa mawe ndani. "Wewe ndiye unayewasomea kule."

"Ndiyo."

"Na majibu yao ndiye unayeniletea."

"Ndiyo. Lakini nimekuokolea kona yako. Walikuwa wanaiondoa."

"Asante," akasema. Akaandika uzito wa gunia, akafunga kitabu. "Basi kuanzia leo sina upande."

Nilitarajia abishane. Mtu akikubali bei ya kwanza, mimi hurudi kuikagua mali.

Ripoti ya mwezi uliofuata nilipanda nayo Newala. Watu wakakusanyika. Nikasoma kwamba Masasi walitangulia kufunga, kwamba Newala walisawazisha kwa kichwa baada ya kona, kwamba timu zote mbili zilionyesha nidhamu na mchezo ulikuwa mzuri.

"Endelea," wakasema.

"Imeisha."

"Geuza karatasi."

"Nimeshageuza. Hapa ni tangazo la sabuni."

Mwanamke mmoja akasema labda mwandishi anaumwa. Wakakubaliana kwamba anaumwa, wakanunua chumvi. Mwezi wa pili nikasoma kwamba Newala walistahili ushindi wao. Fundi cherehani hakuacha kukanyaga mashine, wala hakunipa jibu la kushuka nalo. Mwezi wa tatu hawakuniomba nisome. Gazeti nilifungia ng'onda.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu matupu, tayari kushuka, fundi cherehani alipanda lorini. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na mkononi ana kuku jike, mnene, amefungwa miguu kwa kitambaa safi.

"Unakwenda kuuza kuku?" nikamuuliza.

"Nakwenda kwa mtani wetu. Wenzangu wamenituma." Akampakata yule kuku ili asirushwe na mashimo. "Wewe unamwona kila siku. Tumemkosea nini?"

"Hamjamkosea."

"Miezi mitatu anatusalimia kama wageni. 'Walistahili ushindi.' Mtu anakuandikia hivyo kama ana hasira na wewe. Tumekaa vikao viwili kutafuta kosa. Mmoja anasema ni siku ile tulipochelewa msiba wa shangazi yake. Ndilo hilo?"

Lori lilikuwa linateremka ukingo wa uwanda, dereva ameweka gia ya kwanza, na ukitazama kulia unaiona nchi yote hadi Ruvuma. Mimi nilitazama kuku.

"Amekatazwa," nikasema.

"Na nani?"

"Kamati. Karani wenu aliandika barua kwamba anawadhalilisha."

"Karani ni mgeni. Kamati nao ni wageni?"

"Mwalimu," nikasema. "Na mimi. Mimi ndiye niliyehesabu."

Hakukasirika; angekasirika ingekuwa nafuu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Ulipokuwa unatusomea, ulikuwa unacheka. Kile kicheko kilikuwa cha nini?"

Nimewahi kujibu maswali ya polisi, ya mabwana ushuru, na ya mama mkwe wangu. Kwa hilo nilianza kukunja upya magunia yangu matupu. Alihamia upande wa pili wa lori, akasema nilipo mimi kuna vumbi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Chiwata, yeye na kuku wake, na mimi nyuma yao. Hakuniita, hakunifukuza. Niliona kama nitakuwepo nitaweza kusema kitu, kupatana tena, kuzigawa zile korosho upya.

Mpima mizani alitupokea mlangoni. "Karibuni wageni," akasema.

Fundi cherehani akatua kuku miguuni pake. Sasa, mtani hamletei mtani kuku, humnyang'anya. Kila mtu pale alilijua hilo. Alichopaswa kufanya mwenye nyumba ni kuuliza amemwiba kwa nani, na kwa nini amekonda kama mwizi wake. Mlango wa utani ulikuwa wazi kabisa, mtoto mdogo angeupita. Mama yake mzee, mkekani, alikwisha kufungua kinywa kuanza kucheka.

Mpima mizani aliinama, akampokea kuku kwa mikono miwili.

"Asanteni sana," akasema. "Mmejisumbua."

Mama akafumba kinywa.

"Mtani," fundi cherehani akasema, "tuko nyumbani kwako. Hapa hakuna gazeti."

"Hapa hakuna. Lakini nikikutania hapa, na kule nikaandika sina upande, nitakuwa mwongo mahali pamoja. Wameniuliza kama ninaaminika. Nataka niaminike."

"Basi achana na hiyo kona. Watafute mwingine."

Nikatazama ukutani. Ripoti tatu za mwisho alikuwa amezibandika pamoja na nyingine, fupi, nyeupe pembeni.

"Nani?" mpima mizani akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Atapewa nani? Kijana wa hapa Masasi, shabiki. Goli lenu refa akilikataa, ataandika limekataliwa, nukta. Atasimama nani nyuma ya nguzo aseme limeingia?"

Nami nikafahamu kitu ambacho hakikuwahi kukaa mezani kwa mwalimu, si kulia wala kushoto. Mtu huyu upande alikuwa nao kweli. Kamati haikukosea hapo. Tulikosea tu ulipo; ulikuwa kule juu.

"Mwalimu naweza kumwona," nikasema. "Nitamweleza. Nitamwambia sikuhesabu yote."

"Umekwisha kupatana," mpima mizani akasema bila ukali. "Hata moja, ulisema. Bei ni bei."

Mke wake alileta chakula. Tulikula kwa adabu, tukisukumiana mboga.

Kwa mwalimu nilikwenda hata hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama idadi ya korosho ilikuwa ya uongo. Nikasema haikuwa ya uongo. Akauliza kama tangu siku ile yameletwa malalamiko yoyote. Nikasema hakuna. Akasema basi jambo limekwenda vizuri, na akanishukuru tena.

Mechi iliyofuata ilikuwa Newala. Nilipanda na chumvi yangu, na mpima mizani alipanda na baiskeli yake lori lile lile. Miaka yote, akifika kule, kazi ya kwanza ya watani ilikuwa kuificha baiskeli ile. Aliitafuta uwanja mzima akiwatukana mpaka akina mama wanaomba aache, mbavu zinawauma. Safari hii aliiegemeza kwenye mti, na ikakaa pale pale.

Alikwenda kusimama nyuma ya nguzo, kama kawaida yake. Kabla refa hajapuliza, fundi cherehani alivuka uwanja akiwa amebeba kiti, kiti kizuri cha mgongo, cha nyumbani kwake. Akakiweka nyuma ya nguzo, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Karibu ukae, bwana mwandishi."

Mpima mizani akakaa, daftari magotini.

Nami nilikuwa nimesimama kwenye gunia langu, katikati ya watu wa soko niliowasomea miaka yote, nikiinua shingo ili nione. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitambua, akasogea pembeni kunipa nafasi. Kisha akamwambia mwanawe, kwa heshima kabisa, akimbie nyumbani akalete kiti kingine cha mgeni.